Anzeni na Kosa Lenu Wenyewe

Haya ni maneno niliyosema mbele ya watumishi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati waliokutana kujiandaa na shindano la kuboresha usalama wa mgonjwa. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.

Ndugu mganga mfawidhi, matroni wetu, wakuu wa idara, madaktari, wauguzi na wakunga wenzangu, watu wa maabara na wa duka la dawa, mama zetu na kaka zetu wa usafi, walinzi, na ninyi wanafunzi mlioko mafunzoni. Walionitangulia kuzaliwa nawaamkia, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Nimefurahi kuwaona watu wa usafi na walinzi wamekaa humu ndani pamoja nasi. Nilimwomba matroni waitwe. Nani anayejua wodi ipi sakafu huwa na maji saa kumi alfajiri, wakati wagonjwa wanaamka kwenda msalani? Mtu wa usafi. Nani anayejua mama mjamzito alisubiri machela getini dakika ngapi? Mlinzi. Mkiunda timu ya shindano bila hawa, mmefunga macho mawili kati ya manne.

Nilipokuwa naingia nimesikia watu wawili wakiongea pale mlangoni. Mmoja alisema, "Sisi hatuna mradi wa kupeleka." Mwenzake akajibu, "Na hata tukipeleka, watashinda wenye mashine." Sikuwatazama nyuso, na wala sitawatafuta. Lakini wamenipa hotuba yangu yote. Nataka kuwajibu hao wawili mpaka tutakapotoka.

Hamna mradi? Je, hamna kosa? Katika wodi yenu, mwaka huu, hakuna dawa iliyokwenda kwa mgonjwa asiye wake? Hakuna sampuli iliyofika maabara bila jina? Hakuna mzee aliyeanguka kitandani usiku? Hakuna mtoto aliyebadilika rangi wakati mnatafuta ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, na ambu ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani?

Kama kosa mnalo, mradi mnao.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja hesabu moja: katika hospitali za nchi za kipato cha chini na cha kati, huduma isiyo salama huleta matukio ya madhara milioni 134 kila mwaka, na huchangia vifo milioni 2.6. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 tarehe 17 Septemba imekuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Lakini milioni 134 haiingii kichwani mwa mtu. Kosa moja linaingia. Kwa hiyo nitawasimulia moja, na ni langu.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, katika wodi ya wazazi ya hospitali ambayo sitaitaja. Usiku wakunga wawili, vitanda vya kujifungulia vinne, na vyote vinne vina watu. Mama mmoja amejifungua salama mtoto wa kiume, amelia vizuri, kilo tatu na ushee. Mwenzangu anashughulika na mama mwingine anayetoka damu. Mimi najua kazi yangu: mtoto apate vitamini K ya kumkinga asitoke damu, sindano moja pajani. Jambo nililokwisha kulifanya mara mia kadhaa.

Wanaofanya kazi leba wanajua vitamini K inakuja kwenye ampuli ndogo ya kioo cha kahawia, kwa sababu haipendi mwanga. Na ergometrini, ile sindano ya mama ya kubana mfuko wa uzazi damu isitoke? Nayo ampuli ndogo, nayo kioo cha kahawia, nayo haipendi mwanga. Kwetu zote mbili zilikaa kwenye trei moja ya chuma, juu ya meza moja, ubavu kwa ubavu. Taa ya upande ule ilikuwa inapepesa. Nikavunja shingo ya ampuli, nikavuta, nikamdunga mtoto.

Baada ya muda mfupi mtoto alianza kubadilika. Kwanza midomo, kisha vidole. Miguu ikawa baridi. Akaacha kupumua. Nikamweka mezani, nikaanza kumpulizia kwa ambu, nikamwita daktari. Nafasi ya kwanza niliyopata, nikageuza macho kwenye trei. Ampuli ya vitamini K ilikuwa bado imelala pale, nzima, shingo yake haijavunjwa.

Ndugu zangu, nilisimama na ile ampuli mkononi kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa sekunde ngapi. Niliwaza kuitia mfukoni. Naiambia hadhara hii ukweli: niliwaza kuitia mfukoni. Kisha daktari akaingia akauliza, "Mtoto kafanya nini?" nikamwambia, "Nimemdunga ergometrini." Kwa sababu alijua, alijua pia cha kufanya. Tulimpulizia kwa zamu, degedege ikaja tukaitibu, alfajiri akapelekwa hospitali ya rufaa. Aliishi. Baada ya siku kadhaa tulipata habari kwamba ananyonya.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo somo lilipo.

Tuliitwa kwenye kikao. Swali la kwanza lilikuwa, "Ni nani?" Swali la pili, "Ulikuwa unafikiria nini?" Nikapewa barua ya kujieleza. Nikajieleza. Nikaandikiwa onyo, nikahamishiwa mapokezi ya wagonjwa wa nje. Kikao kikafungwa. Mimi niliondoka leba, na trei ikabaki leba. Ile ile trei ya chuma, meza ile ile, taa ile ile inayopepesa.

Na mama wa mtoto? Mama aliambiwa mtoto amechoka. Hakuna aliyemwambia ukweli. Nami sikumwambia. Nimeomba msamaha kwa Mungu mara nyingi, lakini aliyestahili kuombwa msamaha alikuwa yule mama, na sikuwahi kumwona tena. Mtakapojaza fomu ya shindano, wekeni mstari mmoja unaosema mgonjwa na ndugu zake wataambiwa nini, na nani, na lini, pale mambo yanapoharibika. Fomu isipouliza, ninyi jazeni tu.

Miezi minane ikapita. Mkunga mwingine, mzuri kuliko mimi, mwenye miaka ishirini kazini, alisimama mbele ya trei ile ile usiku. Akavunja ampuli. Akavuta. Akainama kwa mtoto. Pembeni alikuwepo mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mwoga, hata sauti yake huisikii. Akasema, "Sista, samahani, hiyo si ya mama?"

Mkono ukasimama.

Mimi nilihamishwa kwa sababu nilikuwa tatizo. Nilipohamishwa, tatizo lilihama? Nawauliza ninyi. Lilihama?

Safari hii matroni hakuuliza ni nani. Alikwenda mwenyewe leba usiku, akasimama pale pale, akanyoosha mkono kwenye trei kama anavyonyoosha mtu mwenye haraka. Kisha akaniita kutoka mapokezi, akasema, "Njoo unionyeshe." Tukanunua sokoni vyombo viwili vya plastiki vyenye mifuniko, vya kuwekea vitafunio. Kimoja cha mama, kikabaki upande wa kitanda. Kimoja cha mtoto, kikawekwa kwenye meza ya kumhudumia mtoto, ng'ambo ya chumba, na ndani yake hakiingii kitu chochote cha mama. Fundi akabadilisha taa. Tukakubaliana: ampuli haivunjwi mpaka jina lake limesomwa kwa sauti na mtu mwingine amelisikia. Hakuna mtu mwingine? Msomee mama mwenyewe. "Mama, hii ni vitamini K ya mtoto." Mama anasikia, na mara nyingine mama anauliza, na swali la mama limewahi kuokoa mtu.

Mliopitia mafunzo ya S tano, yale ya kupanga mahali pa kazi, mnayajua maneno haya: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tulikuwa na bango lake ukutani, zuri, la rangi. Bango lilikuwa ukutani na trei ilikuwa mezani, na hakuna aliyewahi kuyakutanisha.

Huo ndio mradi. Vyombo viwili na taa moja. Nani mwenye mashine hapo?

Naomba tuvuke bahari kidogo, twende Vienna, Austria, mwaka 1847. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na vitengo viwili vya uzazi. Cha kwanza walifanyia kazi madaktari na wanafunzi wa udaktari. Cha pili, wanafunzi wa ukunga. Kitengo cha madaktari kiliua wazazi wengi zaidi kwa homa ya uzazi kuliko cha wakunga, na mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kitengo cha kwanza. Wengine waliona heri kujifungulia barabarani.

Pale alikuwepo daktari kijana, Ignaz Semmelweis. Wenzake walikuwa wanalaumu hewa na hofu ya wanawake wenyewe. Yeye akahesabu. Wodi kwa wodi, mwezi kwa mwezi. Kisha rafiki yake daktari, Jakob Kolletschka, akakatwa kidogo na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana kabisa na ule wa wazazi. Semmelweis akaelewa: madaktari wanatoka chumba cha maiti, wanakuja kuwapima wazazi kwa mikono ile ile. Wakunga hawapasui maiti. Akaagiza kila mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili 1847, katika kila wazazi 100 wa kitengo kile walikufa zaidi ya 18. Juni walikufa wawili na kidogo.

Mnaona? Beseni la maji ya klorini. Tena nasema, hakuna mashine hapo.

Lakini sikuwapeleka Vienna mkapigie makofi beseni. Nimewapeleka kwa sababu ya kilichofuata. Semmelweis hakulieleza jambo lake vizuri. Alikawia kuliandika; kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka kumi na minne baadaye. Na waliompinga aliwaandikia barua kali akiwaita wauaji. Wengi wakafunga masikio. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, na mikono ya madaktari wengi wa Ulaya ilikuwa bado haijaoshwa.

Watu wengi wakisikia neno shindano wanafikiria cheti na picha na mgeni rasmi. Mimi nafikiria beseni la Vienna. Jambo jema lililobaki kwenye wodi moja, bila kuandikwa kwa ukurasa mmoja ambao mtu wa wodi nyingine anaweza kuusoma akauiga, limewaacha wangapi wafe kwenye wodi ya pili? Shindano linakulazimisha uandike. Linakulazimisha useme mbele ya watu wasiokujua, kwa lugha wanayoielewa, bila kuwatukana. Hiyo ni kazi ya tiba kama kazi nyingine.

Mtasema, mama, huko ni Ulaya na ni zamani. Haya, turudi nyumbani. Nani hapa ametoka Morogoro? Mkono juu. Umefika Ifakara?

Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua kama orodha ya karatasi moja inaweza kupunguza vifo vya upasuaji, lilichagua hospitali nane katika miji minane: Seattle, Toronto, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero, ya mpunga na vumbi, hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ikasimama safu moja na London na Toronto. Walifuatilia wagonjwa zaidi ya 7,600, kabla ya orodha na baada ya orodha. Vifo katika hospitali zote nane vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009.

Orodha yenyewe ina mambo 19. Kabla ya dawa ya usingizi: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa gani. Kabla ya kisu: dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja iliyopita? Tunategemea damu kiasi gani itapotea? Kabla ya kutoka chumbani: vifaa na vitambaa vimehesabiwa, vimetimia? Na katikati yake kuna jambo moja ambalo wengine hulicheka: kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake.

Kwa nini mtu ataje jina, na wote wanafahamiana? Mkumbukeni yule binti mwanafunzi na sauti yake isiyosikika. Mtu ambaye amekwisha kufungua kinywa mara moja mbele ya wakubwa, hata kwa kutaja jina lake tu, mara ya pili hafungui kwa shida. Siku kitambaa kimoja kikipungua, atasema. Asipokuwa amepewa nafasi ya kusema jina lake, je, atapata wapi ujasiri wa kumwambia daktari bingwa, "Samahani, bado kimoja"?

Ila nawaonya, na hapa naomba wakuu wa idara mnisikilize. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zitumie orodha za aina hiyo. Watafiti wakaangalia hospitali 101, wakachapisha mwaka 2014: vifo havikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Orodha ipo, na mabadiliko hayapo. Sababu wanabishana, na mimi si mtafiti. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye wodi, na nimeona karatasi inayojazwa saa nane mchana kwa upasuaji uliokwisha saa nne asubuhi. Vema zote zimepangwa wima, kalamu moja, mkono mmoja. Mmewahi kuiona karatasi hiyo? Naona mnacheka. Tusiipeleke karatasi hiyo kwenye shindano. Na tusiipeleke kwa mgonjwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani.

Tulipokwisha kuweka vile vyombo viwili, matroni alileta daftari la kawaida la kurasa mia. Akaandika juu yake: NUSURA. Kila jambo lililotaka kuharibika likazuiliwa, liandikwe humo. Nusura nimpe wa kitanda cha tano dawa ya kitanda cha sita. Nusura nipeleke damu isiyo ya kundi lake. Nusura mtoto aanguke mezani. Tarehe, saa, kilichotokea, kilichozuia. Jina la mtumishi halitakiwi. Na akatamka mbele yetu wote: kwa kilichoandikwa humu hakuna barua ya kujieleza.

Mwezi wa kwanza ziliandikwa nusura mbili. Mwezi wa pili, kumi na moja.

Mkuu mmoja alipoona ile namba alishtuka. "Mmefanya nini humu? Mlikuwa na mbili, sasa kumi na moja, na mnasema mnaboresha?" Mngemjibuje ninyi? Tulimjibu hivi: Hizi kumi na moja zilikuwepo siku zote, mzee wetu. Zilikuwa gizani. Tumewasha taa.

Basi ukafika wakati wa shindano la wodi kwa wodi pale hospitalini. Tukachora chati yetu kwenye karatasi kubwa. Na ule mstari ukapanda kwenye mwezi wa pili kama mlima. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema, "Huu mwezi tuuache, utatuangusha." Tulibishana mpaka usiku. Mnajua wenyewe msemo wa kupika takwimu, na mnajua chakula hicho kinavyopikwa: unachukua mwezi mbaya ukaufuta, unachukua mwezi mzuri ukaurudia.

Tuliuacha mlima pale. Waamuzi walipofika, swali lao la kwanza lilikuwa juu yake. Tukawafungulia daftari. Mmoja wao alisoma kurasa zile akiwa amesimama, akasahau kuwa tulikuwa tunasubiri.

Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa wodi ya watoto, na walistahili. Lakini wiki ile ile, wodi tatu zilikuja kuuliza vile vyombo vya plastiki tulinunua duka gani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Tuingie na nini?" nasema ingieni na kosa moja. Moja tu. Nimeona timu zikiandika kwamba zitaboresha usafi, dawa, lugha kwa wagonjwa, na uchomaji wa taka, yote ndani ya miezi mitatu. Hakuna litakalofanyika hapo. Andikeni sentensi yenye namba na tarehe. Kwa mfano: katika sampuli 100 zinazotoka wodi ya wanaume, zisizo na jina kamili zishuke kutoka 20 hadi 5 kabla ya mwisho wa Machi. Mtu yeyote akiisoma anajua mwezi Machi atakuja kuangalia nini.

Anzeni kuhesabu kabla ya kubadilisha chochote, hata wiki mbili. Msipohesabu mwanzo, mwisho mtakuwa na maneno matupu. Kuhesabu hakuhitaji kompyuta. Mistari mitano mitano ukutani nyuma ya mlango inatosha.

Pia kuna suala la heshima ya mgonjwa. Jina la mgonjwa halitoki kwenye faili kuja kwenye fomu. Picha ya mgonjwa haipigwi kwa ajili ya shindano, hata akikubali, kwa sababu mtu aliyelala kitandani kwako hawezi kukukatalia kwa uhuru. Piga picha ya trei. Na mganga mfawidhi ajue mapema kila kitu, asije akasikia kosa la hospitali yake kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwamuzi.

Wenzetu wa zahanati, mnaosema ninyi ni wawili tu na hamna wa kuwafundisha, nawaachia mfano mmoja. Katika kazi iliyoanzia hospitali ya Haydom, hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, viliweka mwanasesere wa mazoezi karibu na leba, wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi mafupi ya kumsaidia mtoto kupumua, mara kwa mara, pale pale kazini. Walifuatilia watoto karibu 300,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000. Kulikuwa na vifaa vipya pia, sisemi havikuwepo. Lakini lile zoezi fupi la mara kwa mara mnaliweza wawili. Kabla ya kukabidhiana zamu, mmoja anashika saa, mwingine anashika ambu. Ndani ya dakika ya kwanza, hewa iwe imeingia.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaotibu maradhi ya watu tumekuwa tukificha ya kwetu. Tunaficha kwa sababu tunaogopa, na hofu yetu ina sababu, mimi naijua, nimeibeba pamoja na barua yake. Ndiyo maana naomba sasa hivi, mbele ya hadhara hii, niwageukie viongozi. Ndugu mganga mfawidhi, matroni, naomba mseme kwa vinywa vyenu kile matroni wangu alichotusemea sisi: kwamba nusura itakayoandikwa haitamletea mtu barua ya kujieleza. Sizungumzii mlevi kazini, wala mwizi wa dawa. Hao wana sheria zao. Namzungumzia mkunga aliyechoka mbele ya trei mbaya. Mkisema leo, timu hizi zitaandika kweli. Msiposema, zitaandika hadithi nzuri.

(Mganga mfawidhi alisimama pale pale akasema. Ukumbi ulipiga makofi muda mrefu. Nami nikakaa kidogo, kisha nikamalizia.)

Ahsante sana, daktari. Nimepanga kuondoka na basi la saa tisa, lakini sitaondoka kwanza.

Kuna boksi la kalamu pale mlangoni, na fomu zimewekwa juu ya meza. Sina haja mjaze yote leo. Jazeni mstari mmoja tu, ule unaouliza: Ni tatizo gani linamdhuru mgonjwa katika sehemu yenu ya kazi? Kaeni watu wa wodi moja pamoja, na mtu wa usafi awe katikati yenu. Mwanafunzi aanze kusema kabla ya daktari. Ninyi wawili wa mlangoni, njooni mkae na mimi hapa mbele, tutaandika pamoja. Walio zamu ya mchana tangulieni kuchukua fomu, wenzenu wa asubuhi wanawasubiri wodini.